Unga wa muhogo wa soko la Mwanga, kwa keki za machungwa zisizo na ngano

Mimi ni mtu wa ngano. Nina kibanda cha chai karibu na stesheni ya Kigoma, na siku za treni, abiria wakianza kushuka na mabegi yao, mimi nimeshakanda, nimeshasukuma na mafuta yameshachemka. Chapati, maandazi, sambusa, na mwisho wa wiki keki za vikombe. Kwa hiyo ninapousifia unga wa muhogo msinihesabu miongoni mwa wanaoacha ngano ili suruali iwatoshe. Nimeingia kwenye muhogo kwa sababu mama watoto hawezi kula ngano, na haipendezi mke wa mpika maandazi anywe chai kwa kiazi kila siku ya Mungu.

Ana ugonjwa wa siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Ikiingia tumboni mwake, kinga ya mwili inaushambulia utumbo mdogo wenyewe, na chakula kinapita bila kufyonzwa. Alikonda, damu ikapungua, tukawa tunatibu minyoo na vidonda vya tumbo. Kidonge chake hakipo. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote, wala si kupunguza. Ndugu zake wa Kasulu hawakutaka kusikia: ngano imemdhuru nani? Aliyewanyamazisha ni binti yetu anayesomea uuguzi, aliyewasimulia habari za Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika njaa ya vita ya mwaka 1944 kuingia 1945 mkate uliadimika, na watoto aliokuwa akiwatibu maradhi haya wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mjomba akasema basi, huyo Mholanzi kashinda kesi.

Tuje kwenye unga. Naununua soko la Mwanga, upande wa nafaka, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya muhogo peke yake. Hilo la "peke yake" ndilo lililonipeleka kwake. Meza nyingi pale zina mahindi, mchele, ulezi, na gunia la ngano pembeni, na kopo moja la kupimia linalotembea kutoka gunia hadi gunia. Kwa mlaji wa kawaida hakuna tatizo. Kwa mama watoto kopo hilo ni sumu. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kwa chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula. Kopo lililotoka kuchota ngano linavuka hapo bila hata kujazwa.

Mama huyo ana aina mbili za unga, na ukikosea kuchagua usije ukanilaumu mimi. Wa kwanza ni wa kivunde: muhogo umelowekwa siku kadhaa, ukalainika na kuchacha, ukaanikwa, ukasagwa. Huo ndio unga wa ugali wetu, una harufu yake ya uchachu, na kwa mgebuka wa kuchoma au dagaa wa kukaanga sina neno nao. Kwenye keki, harufu hiyo haiondoki. Chungwa halitaishinda, iliki haitaishinda, utakuwa umeoka ugali wenye sukari. Wa pili ni wa makopa: muhogo mtamu uliomenywa, ukakatwa vipande vyembamba, ukaanikwa juani ukakauka upesi kabla haujachacha. Ni mweupe, mwepesi mkononi, na ukiunusa haunuki chochote. Huo ndio wa keki.

Hapo pana jambo la usalama ambalo wauza mitindo ya mapishi hawalisemi. Muhogo mchungu una asili ya sianidi, na kuloweka na kuchachusha ndiyo njia ya wazee wetu ya kuitoa. Makopa hayakulowekwa, kwa hiyo lazima yawe ya muhogo mtamu. Codex hiyohiyo inataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo, ila sokoni Mwanga hakuna maabara, kuna mdomo tu wa kuuliza. Nilimuuliza.

"Mama, huu ni wa muhogo gani?"

"Baba, huu ni wa muhogo tunaotafuna mbichi shambani. Ule mwingine nimeuloweka, ndiyo maana nimeutenga."

Jibu la namna hiyo ndilo unalolitafuta. Muuzaji akikujibu "muhogo ni muhogo," shukuru, sogea meza nyingine.

Bei: mara ya mwisho nilitoa shilingi 1,500 kwa kilo, na wa kivunde ulikuwa chini kidogo. Masika bei inapanda na ubora unashuka kwa pamoja, maana bila jua makopa yanakaa na unyevu, yanaota ukungu, na unga unatoka na rangi ya kijivu na harufu ya gunia lililolowa. Ununue wa kiangazi, Juni hadi Septemba, uweke akiba kwenye ndoo yenye mfuniko. Mizani yake ni ya haki, na kopo lake halitoki mezani kwake, jirani yake aliwahi kuliomba mbele yangu akamnyima kwa upole, kwamba "hili lina wenyewe." Nilimpenda kuanzia hapo.

Dosari zake sasa. Ya kwanza ni nyuzi. Muhogo una mshipa katikati, na asiyeutoa kabla ya kuanika anakuuzia unga wenye nywele. Kila kilo naipitisha kwenye chekeche laini, na kinachobaki juu ni kiganja kizima. Ya pili ni mchanga. Si mwingi, lakini makopa huanikwa kwenye turubai chini, kuku wanapita, upepo nao unavuma. Kabla ya kulipa, weka unga kidogo kwenye meno ya mbele uyasage taratibu. Ukisikia kukwaruza, acha. Mara nyingi haukwaruzi. Mara nyingi, nimesema.

Ya tatu ndiyo kubwa, na si kosa lake: mashine. Nilimuuliza anasaga wapi, akasema kwa ndugu zake Kasulu, mashine ya mahindi na muhogo. Namwamini kwamba ndivyo ajuavyo. Lakini mashine za kusaga nazijua. Niliwahi kupeleka mchele kwenye mashine moja hapa mjini, nikamuuliza kijana aliyekuwa zamu nini kimepita kabla yangu. "Unga wa lishe, mzee." Una nini ndani? "Mahindi, soya, karanga, na ngano kidogo. Ila tumeshafuta, mzee wangu, usiwe na shaka." Kufuta nje ya mdomo wa mashine! Ndani kule kuna unga wa wiki nzima umegandamana kwenye chujio. Nikabeba mchele wangu nikaondoka, akaniona mzee mkorofi.

Kwa hiyo hukumu yangu inagawanyika. Wewe unayeacha ngano kwa hiari, kwa sababu bei ya ngano imepanda au unataka ladha nyingine, chukua unga wake ukiwa umeshasagwa, hutajuta. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, usinunue unga. Nunua makopa yenyewe, anayo kwenye gunia nyuma ya meza, na huwa hayatangazi mpaka uulize. Yaoshe haraka, yaanike tena juani mpaka yavunjike kwa mlio, uyatwange kwenye kinu ambacho hakijaona ngano, uchekeche. Ni kazi ya jasho. Ila mshipa unautoa mwenyewe, mchanga unauosha mwenyewe, na mashine ya watu hukuigusa. Kwangu mimi, kitu bora kabisa kwenye meza ya yule mama ni makopa, na unga unafuata kwa mbali.

Mchele nao unautwanga hivyohivyo, maana muhogo peke yake hautoshi. Nieleze kidogo. Kwenye ngano, gluteni ndiyo wavu unaoshika hewa ya bekingi pauda mpaka keki iive. Muhogo hauna wavu huo, una wanga mtupu, na wanga wa muhogo ukipata maji na moto unavutika. Keki ya muhogo mtupu inapanda vizuri, inakudanganya, halafu ikipoa inakuwa ya kutafuna kama bablishi. Unga wa mchele unaukata mvutano huo. Ukizidisha mchele, keki inamomonyoka na inakuwa na chengachenga ulimini. Uwiano unaonikaa mkononi ni muhogo sehemu mbili kwa mchele sehemu moja, au mchele uzidi hapo kidogo. Mchele unaloweka usiku, unauchuja, unauanika kivulini uwe na unyevunyevu tu, unautwanga, unauchekecha na kuukausha.

Akina mama wa Ujiji watasema hili si jipya, nao wana haki. Kitumbua ni mchele, nazi, sukari, iliki na hamira. Mkate wa kumimina ni hivyohivyo. Pwani na Ujiji walikuwa na keki zisizo na ngano kabla mtu wa Ulaya hajazibandika jina na bei. Angalizo moja tu: wapishi wengi siku hizi wanatia kijiko cha ngano kwenye vitumbua ili vishikane, na hawakwambii kwa kuwa hawaoni kama ni jambo la kuambiwa. Mama watoto hali kitumbua cha njiani mpaka leo.

Kuhusu ule unga wa pakiti kutoka nje, shemeji alitutumia pakiti moja kutoka Dar es Salaam kwa basi. Shilingi 18,000 kwa kilo, nauli mbali. Nikasoma nyuma: unga wa mchele, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, na gundi ya zantani ya kushikanisha. Yaani muhogo uleule umepanda meli ukaja kutusalimu. Sitaudharau. Ni laini kuliko chochote nitakachotwanga mimi, na pakiti imepigwa alama ya kupimwa, jambo ambalo soko la Mwanga haliwezi kunipa. Keki zake zilitoka laini, sawasawa zote, na ladha yake ni ya karatasi safi. Ukiwa na mgonjwa aliyetoka hospitali jana na bado hujapata kinu chako, nunua hiyo, usibahatishe. Baada ya hapo hesabu itakurudisha kwenye makopa.

Sasa keki zenyewe. Nimechagua machungwa na ndimu kwa sababu unga wa makopa hauna harufu yake, na uchungu kidogo wa ganda ndio unaoupa keki hii tabia. Chungwa la huku linaiva likiwa bado la kijani, maana usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza ganda rangi, kwa hiyo usichague kwa macho. Chagua kwa uzito: lililo zito kuliko linavyoonekana ndilo lenye maji. Ganda liwe gumu na linalong'aa, na ukilikuna kwa ukucha harufu ikurukie. Chenza lina harufu nzuri zaidi, lakini ganda lake limelegea na linakwepa kikwaruzo. Ukibahatika kupata danzi, ganda la danzi moja linatosha mafungu mawili, ila juisi yake weka kando, ni kali.

Harufu ya machungwa iko kwenye mafuta ya ganda, juisi inaleta uchachu tu. Wengi wanamimina juisi kikombe kizima wakidhani wanaongeza chungwa, wanapata keki nzito iliyolowa. Osha machungwa mawili na ndimu moja kwa maji ya vuguvugu, ukwaruze ganda la juu tu kwa upande mdogo wa kikwaruzo cha karoti. Ukifika kwenye weupe simama, weupe ni mchungu. Maganda hayo yasugue na sukari nusu kikombe na kidogo juu yake, kwa vidole, mpaka sukari igeuke kama mchanga uliolowa na chumba kizima kinuke. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka.

Kisha unapika uji. Ndiyo, uji. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo, nusu kikombe cha maziwa na kidogo, moto mdogo, koroga mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Uji huo ukipoa ndio unaofanya kazi ya zantani: unashikanisha na kutunza unyevu. Piga mayai matatu pamoja na ile sukari mpaka yawe mepesi na meupe, tia mafuta ya alizeti robo kikombe na vijiko viwili, tia uji, piga tena mabonge yaishe. Mawese? Mtu wa Kigoma lazima aulize. Yanatoa rangi ya dhahabu ambayo mpiga picha angeipenda, na harufu yake inalizika chungwa lisionekane tena. Mawese yabaki kwenye maharage.

Unga: kikombe kimoja na robo cha muhogo, robo tatu ya kikombe cha mchele, chumvi ya Uvinza nusu kijiko cha chai. Changanya, halafu funika na uache nusu saa. Unga wa muhogo na wa mchele vinakunywa maji polepole, tofauti na ngano, na ukioka hapo hapo utazila chenga. Usiogope ukiona mchanganyiko ni mwepesi kama wa kumimina. Baada ya nusu saa umekaza wenyewe. Bekingi pauda, vijiko viwili vya chai, na juisi, vijiko vitano vya chakula vya chungwa na kimoja cha ndimu, vyote vinasubiri mwisho kabisa, moto ukiwa tayari. Tindikali ya juisi ikikutana na bekingi pauda mapovu yanaanza papo hapo, hayakusubiri uwashe mkaa. Na soma kopo la bekingi pauda, kwa sababu zipo zinazowekewa wanga wa ngano wa kuzuia unyevu.

Oveni ya umeme sina nyumbani. Napalia. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu, juu yake sinia lenye vikopo vya keki, mfuniko wa bati, makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu sukari ya machungwa inaungua matako upesi. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25. Mimi naingiza kipande cha karatasi nyeupe: kikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa dakika chache, ndipo, kikiwa cheusi, napunguza makaa. Vikopo vijazwe robo tatu. Zinachelewa kupiga rangi kuliko za ngano, kwa hiyo usizingojee ziwe kahawia, njiti ikitoka kavu ondoa. Ukikosa vikopo, tumia vikombe vya bati, lakini viwe vya keki hizi tu.

Vyombo ndiyo sababu naziokea nyumbani, wala si kibandani ambako kuna oveni ya mkaa nzuri zaidi. Kibandani vumbi la ngano liko kwenye rafu, kwenye mwiko, kwenye nyusi zangu. Nikitoka huko naoga na kubadili shati kwanza. Nyumbani kinu, chekeche, mwiko na kitambaa cha jikoni ni vya kwake, vimefungwa utepe mwekundu, na mjukuu anajua kwamba mkono ulioshika andazi hauvigusi. Wateja wamenisikia nikisimulia, wanataka nizilete kibandani niziuze. Nimekataa. Nikiweka keki hizo kwenye kabati moja na maandazi halafu niziite salama, nitakuwa namdanganya mtu ambaye tumbo lake halidanganyiki.

Matokeo? Zikiwa za moto zina ganda jembamba linalovunjika, ndani ni laini, zina unyevu, na zinavutika kidogo ukizimega. Zinapanda lakini hazipasuki juu kama za ngano. Vichwa vyake ni bapa. Harufu ya ndimu inakuja kwanza, chungwa linafuata, na mwisho kuna utamu mdogo wa muhogo ambao mtu wa hapa anaujua na mgeni atauliza ni nini. Mama watoto, ambaye hasifii bure na ambaye fungu la mchele mwingi alilikataa kwa kusema "Baba Zawadi, leo umenipikia changarawe," hizi za mbili kwa moja alizila mbili mfululizo akaomba chai nyingine. Kwa jina hasa sijui niziite keki au mafini, na kwake si kitu.

Kasoro ambayo sijaiondoa, na sidhani inaondoka, ni ya siku ya pili. Wanga ukipoa unakaza, na keki ya asubuhi ukiila kesho yake jioni utadhani imezeeka wiki. Mafuta kidogo zaidi yanasaidia, asali ya Kibondo vijiko viwili mahali pa sehemu ya sukari inasaidia zaidi kwa sababu inashika unyevu, lakini hakuna muujiza. Oka za kuliwa siku hiyo. Zinazobaki zifunike, na kabla ya kula zipashe juu ya mvuke wa sufuria dakika tatu, zinarudi karibu na zilivyokuwa. Kwenye friji zinakaza upesi zaidi, msiziweke huko.

Gharama ya fungu moja la keki kumi na mbili, kwa makopa na mchele wa kutwanga mwenyewe, kikubwa ni mayai na mafuta. Muhogo wenyewe hauonekani kwenye hesabu. Kwa unga wa pakiti, unga peke yake unazidi vyote vilivyobaki ukivijumlisha.

Nikimpa mama wa muhogo alama, unga wake ni tatu na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya nyuzi, nusu kwa ajili ya mchanga, na nusu nyingine kwa ajili ya mashine nisiyoiona. Makopa yake ni tano kasoro kidogo. Huduma ni tano, na ningeongeza kama angeacha kusahau chenji ya mia mbili, ingawa hulipa kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Nenda mapema, kabla ya saa tatu, kwa sababu wanunuzi wa jumla wakifika makopa meupe yanaondoka kwa magunia na unabaki kuchagua vipande vyenye madoa. Beba ndoo yako safi yenye mfuniko. Uliza kuhusu muhogo mtamu hata kama jana ulishauliza, kwani mzigo hubadilika. Na ukikuta jirani yake anapakua ngano na upepo wa ziwani unavuma kuelekea mezani kwake, rudi kesho.